Barua ya wazi kutoka Themi, Arusha: Tuambieni moto ulianzia wapi

Kwa Meneja wa TANESCO, Mkoa wa Arusha. Kamanda wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Mkoa wa Arusha. Na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, Kanda ya Kaskazini.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote watatu kwa barua moja kwa sababu jambo lenyewe limelala katikati ya ofisi zenu, na nisingependa lipotee njiani kati ya meza moja na nyingine.

Kuna maneno yanazunguka mtaani kuhusu mita. Mtayasikia kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vifodi vya Njiro, hata kwenye foleni ya saluni. Yanasema mita mpya zinachoma nyumba. Yanasema mita janja, ile inayowasiliana yenyewe na ofisi, inakula yuniti hata ukizima mein swichi, kwamba kuna mtu amekaa ofisini Dar es Salaam anakuongezea na kukupunguzia umeme apendavyo, na wapo wanaoapa kwamba kile kidude kinasikiliza mazungumzo ya sebuleni. Nyumba ikiungua, kabla moshi haujaisha lazima atokee mtu wa kuuliza: "Hawa walikuwa wamebadilishiwa mita?" Jibu likiwa ndiyo, hukumu imeshatoka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Majirani hunisimamisha njiani: "Mwalimu, haya ya mita ni kweli?" Ninachowajibu ni kwamba sehemu kubwa si kweli, sehemu ndogo inaweza kuwa kweli, na wa kutuambia hiyo sehemu ndogo ikoje ni nyinyi. Barua hii inahusu hiyo sehemu ndogo.

Kwanza naomba msiwacheke wanaoshuku. Mashaka yao yana historia, na historia hiyo ni ya pesa kabla ya kuwa ya moto. Mita za LUKU, zinazotaka ulipe kabla ya kutumia umeme, zilipoingia miaka ya tisini, wazee waliozoea bili ya karatasi waliambiwa kwamba sasa watalipa kadiri watumiavyo, na kweli ugomvi wa bili za kukadiria ukapungua. Lakini mita ile ile ikaanza kubeba na mambo mengine. Tangu Agosti 2021 inakusanya kodi ya jengo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mama mpangaji anayenunua umeme wa shilingi elfu mbili mwanzoni mwa mwezi anaona yuniti kiduchu, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba kodi ya nyumba isiyo yake imeshakatwa hapo. Kisha kuna tarifu. Aliye kwenye daraja la chini hununua yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asipite yuniti 75 kwa mwezi. Akihamishiwa daraja la kawaida, yuniti inakuwa shilingi 292, na baada ya kodi na tozo ni kama 356. Mtu aliyelala akiwa na bei moja na kuamka na nyingine atasema mita imebadilika tabia. Mita haina kosa lolote hapo, lakini yeye ameshajifunza kwamba kifaa kilichoko ukutani kwake kinaweza kufanya jambo asiloelezwa.

Na hata kuhusu usomaji, si kila mashaka ni ya kijinga. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitangaza matokeo ya kupima mita tisa za kielektroniki dhidi ya vifaa vinavyochafua wimbi la umeme, kama taa za kuokoa nishati zilizofungwa kwenye swichi ya kufifisha mwanga. Mita tano zilisoma zaidi ya umeme uliotumika, na iliyopotoka kuliko zote ilizidisha kwa asilimia 582. Yalikuwa mazingira ya maabara, si ya sebuleni, lakini waliopima walikuwa wahandisi, na walichapisha walichokiona.

Nataka pia kuwasifu mahali mnapostahili. Mwaka 2024 mita za LUKU hapa, na nyingine za mfumo huo huo kwingineko duniani, zilikuwa zinaelekea ukingoni. Mfumo huo huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi yake ya kuhesabia inatosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaishia tarehe 24 Novemba 2024. TANESCO mlitangaza redioni na kwenye simu, na mteja akinunua umeme akapata makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuboresha mita, la tatu la yuniti zake. Bibi asiyesoma aliingiziwa na mjukuu wake. Siku ikapita, nchi haikuzimika. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hamna njia ya kumfikia kila mteja. Njia mnayo, tena humfikia akiwa ameshika simu na anasoma kwa makini, kwa sababu anatafuta namba za umeme wake.

Sasa niseme la moto.

Mita yenyewe, iwe ya zamani au janja, hutumia umeme mdogo sana, wati moja au mbili. Mawasiliano ya mita janja ni ya nguvu ndogo, hayapashi ukuta joto. Hatari ya moto imekaa chini ya mita, nyuma ya kile kifuniko chenye lakiri, mahali ambapo skrubu zinabana waya: fezi inayoingia, fezi inayotoka, nyutro inayoingia, nyutro inayotoka. Waya ukibanwa sawasawa, umeme unapita kimya miaka ishirini. Ukilegea, au skrubu ikiuma ganda la waya badala ya shaba yake, au waya wa aluminiamu kutoka nguzoni ukaungwa na shaba bila kiunganishi chake maalumu, pale panazaliwa ukinzani.

Joto la mahali pale ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mliosoma fizikia mnakumbuka. Tuchukue ukinzani mdogo tu, sehemu moja ya kumi ya omu. Chaji ya simu na taa mbili tatu hazifikishi ampea moja, na joto linalotoka hapo halifiki hata sehemu ya kumi ya wati. Hakuna atakayelisikia. Sasa washa shawa ya umeme ya kilowati tano na nusu. Mkondo unapanda hadi kama ampea 24, na muungano ule ule unatoa karibu wati 58. Hicho ni chuma cha fundi redio cha kulehemea, kimewashwa ndani ya kiboksi cha plastiki, na hakuna aliyekaa karibu kukiangalia. Joto linaoksidisha shaba, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka tena. Mchezo huo unaweza kuchukua wiki au miezi kabla plastiki haijaanza kunuka.

Wengi hudhani sakiti breka itajikata. Haitajikata. Breka huamka mkondo ukizidi, na muungano uliolegea hauzidishi mkondo. Kama ni kubadilisha chochote, unaupunguza kidogo. Isitoshe, mita iko kabla ya mein swichi. Mwenye nyumba anaweza kuwa amenunua breka za bei ghali na kuchimbia waya wa erthi mita mbili ardhini, lakini kwenye zile skrubu hana kinga. Pale si kwake. Amefungiwa lakiri, na akiikata ana kesi.

Halafu tuweke na hali ya hewa yetu. Mita ikibadilishwa Februari, jua likiwa kali, shawa ya moto haina kazi nyingi. Inakuja Juni. Mlima Meru unajifunika wiki nzima, asubuhi mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni, na nyumba yenye watoto wa shule inaogesha watu watano mfululizo kabla ya saa moja. Hapo ndipo ule muungano wa Februari unapofanyiwa mtihani. Miezi minne imepita. Fundi aliyebadilisha mita yuko kata nyingine, mwenye nyumba ameshasahau, na moto ukitokea, wanaolaumu mita watakuwa wamekisia karibu na ukweli kwa sababu isiyo ya kweli. Nawaomba mlitafakari hilo kwa uzito, kwa sababu likishatokea mara moja hamtaweza tena kuwashawishi watu kwamba mita haina neno.

Mashaka ya aina hii hayakuanzia Arusha, na kwingine yameshapimwa. Mwaka 2014, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, nyumba nane zilipata moto uliohusishwa na mita janja. Serikali ya jimbo iliiagiza kampuni ya umeme, SaskPower, kuondoa mita zote zilizokwisha kufungwa, zaidi ya 100,000. Uchunguzi uliotolewa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba unyevu na uchafu ulikuwa ukipenya ndani ya mita, na mkuu wa kampuni akajiuzulu. Nyuma kidogo, Agosti 2012, kampuni ya PECO ya Philadelphia, Marekani, ilisimamisha kazi ya kufunga mita janja baada ya baadhi kupata joto kupita kiasi, kisha ikahamia kwa mtengenezaji mwingine. Kwa hiyo anayesema mita haiwezi kamwe kuleta moto hasemi kweli.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi. Tarehe 30 Machi 2015, mjini Stockton, California, mita nyingi zililipuka kwa mkupuo mmoja. Mita hazikuwa chanzo. Lori liligonga nguzo, waya wa msongo mkubwa ukaangukia waya wa msongo mdogo, na umeme uliofurika ukaingia majumbani. Yeyote anayepita kwenye mitaa yetu na kuona nguzo zilizolala upande anajua kwa nini nimelitaja hili. Na huko huko California, wateja wa Bakersfield walipolalamika mwaka 2009 kwamba mita mpya zinawaibia, mamlaka ya udhibiti iliajiri wapimaji wa nje, wakapima, na ripoti ikatoka Septemba 2010: mita zilikuwa sahihi, ila kampuni ilikuwa imewahudumia vibaya watu waliolalamika. Nimeipenda ripoti ile kwa sababu kila upande uliambiwa jambo ambalo haukutaka kulisikia.

Tofauti moja ya kiufundi ni lazima isemwe ili tusitishane bure. Mita za Amerika Kaskazini huchomekwa kwenye taya za chuma ukutani, na taya zilizozeeka hulegea mita inapochomolewa na kuchomekwa nyingine. Zetu hufungwa kwa skrubu. Ugonjwa huo wa taya hauwezi kuhamia huku ulivyo. Wa kwetu wa muungano, ukiwepo, utakuwa ni wa mkono wa fundi na bisibisi yake.

Sasa nigeukie kwetu wenye nyumba na wapangaji, maana nikiishia kwenye mita nitakuwa nimewaandikia nusu ya barua.

Nyumba nyingi za Themi zina umri. Zilijengwa enzi kiwanda cha matairi cha General Tyre kikinguruma na eneo la viwanda likiwa na zamu tatu, na nyaya zake ziliwekwa kwa ajili ya taa sita, redio na pasi. Leo nyumba ile ile ina friji, televisheni, shawa, jagi la umeme, na nyuma yake kumejengwa vyumba vya kupanga vinavyochota umeme kwenye mita moja kwa waya uliopitishwa juu ya bati. Tangu Mei 2024 tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na majiko ya umeme yananadiwa kila mahali. Ni jambo jema, mapafu ya mama zetu yanastahili. Ila hakuna anayemwambia mama kwamba jiko la wati elfu moja na jagi la wati elfu mbili havikai kwenye ekstensheni moja yenye waya mwembamba kama uzi wa kiatu, iliyonunuliwa barabarani.

Na waya wenyewe ni upi? Dukani kuna waya ulioandikwa milimita mbili na nusu ambao ukiumenya unakuta shaba haijai, au ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Fundi mzuri anaujua kwa uzito tu. Mwenye nyumba anaujua kwa bei, na bei ndiyo inayomshinda.

Kisha kuna muhuri. Sote tunajua utaratibu: nyumba haiungwi umeme mpaka mchoro na fomu ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA viwepo. Na sote tunajua pia kwamba aliyevuta waya anaweza kuwa kijana asiye na leseni, akamaliza kazi, kisha fomu ikatafutiwa mwenye muhuri ambaye hajawahi kukanyaga pale uwanjani. Karatasi inasema nyumba imekaguliwa. Ukuta hauna habari hiyo. Siwalaumu vijana peke yao. Wengine wana mikono mizuri kuliko wenye leseni. Ninacholaumu ni muhuri unaotembea bila mwenyewe.

Vishoka, mafundi wa umeme wa kificho, nao wana sura mbili. Wapo wa kuchepusha umeme ili mita isihesabu, waya ukafungwa kwa tepu nyeusi juu ya dari ambako panya hupita. Hao ni wezi, na waya wao huchoma nyumba. Sura ya pili huanza na mwananchi wa kawaida, ambaye namfahamu vizuri kwa kuwa ni kila mtu. Anasikia harufu ya plastiki kwenye mita, au anaona kifuniko kimegeuka rangi ya kahawia. Anajua kwamba pale haruhusiwi kugusa. Anajua pia habari za watu waliotozwa faini kwa kuchezea mita. Anajiuliza: nikiripoti, watakuja kunitibu au kunikamata? Akisita siku mbili, jirani anampa namba ya kishoka anayekuja usiku, anakata lakiri, anakaza skrubu kwa dakika kumi na kuondoka na elfu kumi yake. Hapo mita ina lakiri iliyokatwa, na mtu mwaminifu amegeuka mtuhumiwa kwa sababu aliogopa kupiga simu.

Na kuna pasi. Umeme unakatika saa kumi na mbili asubuhi, mtu yuko katikati ya sketi ya shule. Anaiacha pasi juu ya meza, swichi ikiwa imewashwa, anaondoka kazini. Umeme unarudi saa nne, hakuna mtu nyumbani. Hapo hakuna mita mbovu wala fundi mbovu. Ni meza, kitambaa, na swichi ambayo haikuzimwa. Umeme ukirudi kwa kishindo, friji isiyo na gadi nayo inaweza kuungua mota. Zimamoto mmelisema hili mara nyingi na nawaunga mkono. Lakini kumbukeni kwamba aliyekata umeme bila taarifa naye ana mkono wake katika pasi ile.

Sasa angalieni orodha hiyo: skrubu ya mita, waya wa dukani, muhuri, waya wa dari, ekstensheni, pasi. Ni vyanzo tofauti kabisa, vyenye wahusika tofauti na tiba tofauti. Moto ukizimwa, magazetini na kwenye taarifa vyote huingia kwenye mfuko mmoja: chanzo kinadhaniwa kuwa hitilafu ya umeme. Ndugu Kamanda, kwa mujibu wa Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, jeshi lako ndilo lenye kazi ya kuchunguza chanzo cha moto, si kuuzima tu. Najua mnafika mkiwa mmechelewa kwa sababu barabara imefungwa na magari, maji yameisha, na watu wanawatupia maneno. Lakini kesho yake asubuhi, majivu yakishapoa, ndipo swali linapoanza. Moto ulianzia nguzoni, kwenye waya unaoingia nyumbani, kwenye mita, kwenye mein swichi, darini, au kwenye soketi ya chumba fulani? Shaba iliyoyeyuka kwa shoti na shaba iliyoyeyushwa na moto wa nje hazifanani, na wataalamu wenu wanajua kuzitofautisha. Aliyeunguliwa anahitaji jibu hilo kwa maandishi. Asiye na jibu hana cha kupeleka kwa bima, hana cha kumdai fundi, na hana cha kumwambia jirani isipokuwa uvumi.

Ninachokiomba kimeegemea hapo. Nyumba ikiungua ndani ya jiji hili na umeme ukashukiwa, Zimamoto na TANESCO mfike pamoja, na mita pamoja na kipande cha waya kilichoungwa nayo vichukuliwe kama kielelezo, kwa hati, mbele ya mjumbe wa mtaa na mwenye nyumba. Visiondolewe kimyakimya, mpya ikafungwa. Hata kama hamna baya la kuficha, mita iliyotoweka ni ushahidi tosha kwa kijiwe. Nakala ya matokeo apewe aliyeunguliwa, na kila nusu mwaka muhtasari ubandikwe kwenye ofisi za kata: mioto mingapi, ilianzia sehemu gani ya mfumo, bila kutaja jina la mtu. Kama taarifa za namna hiyo zipo tayari kwenye majalada yenu, basi kazi imebaki ndogo, ni kuzitoa kabatini.

Kwa TANESCO, mita inapobadilishwa, naomba kazi isiishie kwenye kuwaka kwa taa ya kijani. Nyumba ipewe mzigo, shawa au pasi na jagi viwashwe kwa dakika kadhaa, kisha joto la pale kwenye muungano lipimwe kabla ya lakiri kufungwa. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mkono hakina bei ya kuitikisa TANESCO. Picha ya muungano ipigwe, namba ya aliyefunga ibaki kwenye rekodi ya mita ile. Fundi akijua kwamba skrubu ina jina lake, ataikaza. Na kwenye ujumbe ule wa yuniti, ambao mwaka 2024 mliutumia vizuri, wekeni mstari mmoja kila Mei kabla ya baridi: ukiona mita imebadilika rangi, inanuka au inalia, zima mein swichi na utupigie. Ongezeni na ahadi moja, kwamba anayeripoti mita yake mwenyewe atahudumiwa kwanza, na lakiri iliyokatwa isiwe hukumu kabla ya maelezo. Ahadi hiyo peke yake itawaondolea vishoka nusu ya wateja wao.

Halafu mita janja zenyewe, zinazoanza kufungwa nchini. Watu wanaziogopa kwa sababu zinaona mengi, na kwenye uchunguzi wa moto huko kuona ndiko kunakozipa faida. Mita nyingi za aina hii hutunza kumbukumbu ya msongo wa umeme, saa ulipokatika na saa uliporudi, na muda kifuniko chake kilipofunguliwa. Usiku wa moto kumbukumbu hiyo inaweza kusema kama umeme ulipanda ghafla, kama mzigo ulikuwa mkubwa, kama kuna mtu alifungua kifuniko wiki iliyopita. Sasa itakuwa ya nani? Ikiwa itatumika tu pale inapomkamata mteja, watu watakuwa na haki ya kuichukia. Mteja aliyeunguliwa awe na haki ya kupewa kumbukumbu za mita yake, zikimsafisha au zikimhukumu.

EWURA, kwenu ninalo la muhuri na la upimaji. Leseni ya mkandarasi inakaguliwa kirahisi siku hizi, lakini anayekagua ni nani? Mwenye nyumba akijenga angeweza kutumiwa ujumbe kwamba mkandarasi fulani amethibitisha nyumba yako tarehe fulani. Asipomtambua, ajibu hapana. Mwenye muhuri wa kutembea hatapenda. Na kabla mita janja hazijaenea Arusha yote, chukueni chache kutoka kwenye shehena, si zile zilizoletwa kama sampuli, zipimwe na wasiozinunua na wasioziuza: Shirika la Viwango kwa usalama, Wakala wa Vipimo kwa usahihi. Wazipime kwenye unyevu wa masika na vumbi letu la kiangazi, kisha matokeo yachapwe kwa Kiswahili. Mita zikifaulu, tutawasaidia kuwanyamazisha wazushi. Zikishindwa, ni nafuu kuzirudisha zikiwa bado kwenye makasha kuliko kuzibandua ukutani kama walivyobandua Saskatchewan.

Sisi huku hatutakaa tukisubiri. Wenye nyumba wanaweza kukaguliwa waya wao kila miaka mitano, kama mafundi wazuri wanavyoshauri siku zote, na wakiungana nyumba kumi za mtaa mmoja gharama inashuka. Vyumba vya kupanga vinaweza kuwa na waya wake kutoka mein swichi badala ya kunyonya soketi ya jikoni kwa mama mwenye nyumba. Hayo tunayajadili wenyewe, na mengine yatatugombanisha, hasa la nani alipe.

Ombi la mwisho ni dogo. Njooni Themi kabla ya Juni, jioni moja, nyote watatu siku moja, kwenye ofisi ya kata. Leteni mita janja moja iliyofunguliwa kifuniko, na ya zamani moja iliyoungua, kutoka popote mlipoitoa. Tuzishike na kuona skrubu ziko wapi. Wale wa kijiweni nitawaleta mimi, na wamejiandaa kwa maswali makali.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Themi, Arusha.